Kiwiko

"Baba, kwani kiganja chako kibovu?"

Jumamosi, zamu yangu ya kumwogesha Kidume. Dada mtu kasimama mlangoni, taulo begani, kama refa. Nilikuwa nimekunja shati na kuchovya kiwiko kwenye beseni. Nafanya hivyo tangu yeye mwenyewe mchanga, ila hajawahi kuniuliza. Nikamwambia kiganja cha mtu mzima kimezoea sufuria na jua, kinadanganya. Hakuridhika.

"Nani kakwambia?"

Sista, muuguzi wa wodini, kaniambia. Kigoma, mwaka 2007.

Nilikuwa mwaka wa pili wa uuguzi, nimepangiwa wodi ya wanaume. Darasani nilikuwa moto. Ukiniamsha usiku wa manane ningekwambia Florence Nightingale kazaliwa 12 Mei 1820, ndiyo maana tarehe hiyo wauguzi tunawasha mishumaa na kurudia kiapo. Kumwogesha mgonjwa kitandani nilikukariri kama jedwali la kuzidisha: macho kwanza, bila sabuni, kutoka pembe ya ndani kwenda nje, funua kiungo kimoja, kifunike, ndipo ufunue kingine. Nilichokuwa sijafanya ni kumvua nguo mtu mwenye umri wa babu yangu.

Mzee alikuwa wa Ujiji. Kiharusi kilimlaza upande wote wa kushoto, lakini ulimi kilimwachia. "Daktari," aliniambia (mwanaume ukivaa nyeupe wewe ni daktari tu, hata ukane mara tatu), "mimi nina wajukuu wanaonyoa ndevu. Siogeshwi na mtoto." Siku ya kwanza nikaandika kwenye faili: mgonjwa amekataa. Ya pili hivyo hivyo, mwandiko mzuri kabisa. Ya tatu Sista akalisoma faili, akanitazama, akasema, "Lete beseni."

Alianza na dirisha la upande wa ziwani, akalifungua lote. Akasogeza skrini ya kumsitiri mzee. Akasugua viganja vyake, akaendelea kuvisugua hadi nikadhani ananisubiri mimi. Kisha akachovya kiwiko kwenye maji niliyoyaleta, akakitoa upesi. Hakunifokea mbele ya mgonjwa. Alichukua jagi la maji baridi, akawa anamimina taratibu huku akiniambia, sauti ya kawaida tu, kama anayetaja bei ya dagaa:

"Mguu wake wa kushoto hausikii moto. Ungeuchemsha, na yeye angekuwa bado anakuitikia marahaba."

Halafu akamgeukia mzee. "Shikamoo baba. Nasikia ulikuwa baharia wa Liemba. Eti ni kweli ile meli Wajerumani waliizamisha kwa ulevi?"

Ulevi! Mzee alikasirika mpaka kichwa kikainuka kwenye mto. Nani kakudanganya, mwanangu? Ile meli ililetwa Kigoma kwa vipande, ikaunganishwa hapahapa, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaona wanazidiwa, wakaizamisha wenyewe, kwa akili zao timamu. Sista akasema "Ahaa," uso ukawa umeshaoshwa. Na kabla ya kuizamisha, mzee akaendelea, mashine zote walizipaka grisi, wakijua ipo siku zitatakiwa. Mkono wa kulia ukaoshwa na kufunikwa. Waingereza wakaja kuiibua 1924, na 1927 ikaanza safari tena, jina jipya, Liemba. Wakati huo tulikuwa tumemgeuza ubavu, na mimi nimeshika bega lake lililolala, zito kama gunia lililolowa.

Chini ya mgongo palikuwa na wekundu, upana wa kizibo cha soda. Zile siku mbili za mwandiko wangu mzuri. Sista alipaka mafuta kuuzunguka, polepole, bila kuugusa wenyewe, bila kuacha kuuliza: grisi ya aina gani, na nani aliingia mle ndani kuipaka? Mzee akafumba macho. "Hilo hakuna anayeuliza," alisema. Akanyamaza. Kwa muda kilichosikika ni kiganja cha Sista juu ya ngozi na, kwa mbali, injini ya boti.

Baada ya hapo mzee alikuwa ananiita mwenyewe. Daktari, maji! Tulimgeuza kila baada ya saa mbili na wekundu ukaisha. Akaruhusiwa.

Ningependa kuishia hapo. Ila miezi miwili baadaye nilikuwa leba, usiku, wahudumu wawili kwa wodi iliyojaa, Sista akaja kuongeza nguvu. Kulikuwa na binti, mimba ya kwanza, analia na kufunga miguu. Sista akamchapa kofi la paja. Lililia. Maneno yaliyofuata siyaandiki. Kilikuwa kiganja kilekile. Binti aligeuza macho akanitazama mimi, na mimi nikakumbuka ghafla kwamba kuna gozi za kufungia vidonda hazijapangwa kabatini. Nikazipanga vizuri sana.

Mtoto alizaliwa salama, alfajiri Sista akamfunika yule binti shuka na kumletea uji wa moto. Sikuwahi kumuuliza lolote. Nimejaribu kusema ni uchovu. Lakini hata na mzee alikuwa amechoka, alitoka zamu ya usiku siku ile. Kila 12 Mei nikishika mshumaa najikuta na Sista wawili, na sijui kiapo namrudia yupi.

Mwanangu nilimsimulia ya beseni na ya meli. Alipenda habari ya grisi.

"Huyo Sista alikuwa mzuri?"

Nikamwambia aniongezee maji ya moto kidogo, yamepoa.