Nilivyonunua trekta kuukuu kwa shamba la Ismani

Mimi naishi Iringa mjini, shamba liko Ismani. Kwa shamba la mbali sikutafuta nguvu nyingi, nilitafuta trekta ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua. Nikachagua Massey Ferguson 135: injini ya Perkins ya dizeli, silinda 3, lita 2.5, nguvu za farasi kama 45. Inavuta plau ya diski 2 na kuzungusha slasha ya kufyekea vichaka, basi.

Muuzaji nilimwomba asiiwashe kabla sijafika. Nilianza kwa kugusa injini. Ikiwa ya moto tayari, kuna mtu anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Moshi mweusi kidogo wakati wa kuwaka si kitu. Wa bluu usioisha ni oili inayoungua, na ukifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, halafu upepo ukakupiga mkononi kwa nguvu, ringi na silinda zimelika. Hapo unanunua pamoja na gharama ya kufungua injini nzima.

Haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua plau, ndiyo watu wengi hawaipimi. Nilifunga plau, nikainyanyua juu, nikaiacha injini ikinguruma. Mikono ya kunyanyulia plau ikicheza juu chini kila baada ya sekunde chache, au plau ikishuka upesi ukizima, kuna uvujaji ndani, mara nyingi sili za pistoni ya kunyanyulia. Angalia pia rangi ya oili: giaboksi na haidroliki vinatumia oili moja, takriban lita 30. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, na pampu ya haidroliki iko humohumo ndani.

Gia niliijaribu kwenye mteremko, mguu nje ya mafuta. Gia iliyochoka huruka yenyewe hapo. Mwisho nililinganisha namba ya kibao kwenye dashibodi na ile ya kwenye kadi, kisha nikaipakia kwenye lori badala ya kuiendesha hadi shambani.

Kosa langu lilikuwa kuiegesha wiki sita bila maandalizi. Diski ya klachi iliganda kwa kutu kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Tukaivuta na trekta nyingine, gia ndani na pedali ya klachi imekanyagwa, mpaka ikaachia. Sasa kabla ya kuondoka nakandamiza pedali chini kwa kipande cha mbao, najaza tangi ili unyevu wa usiku usigeuke maji ndani ya dizeli, nashusha plau ardhini, natoa waya wa betri na kufunika bomba la moshi kwa kopo.

Ikigoma kuwaka baada ya kukaa, kwanza toa hewa kwenye njia ya dizeli: legeza skrubu za filta, piga pampu kwa mkono hadi povu liishe, kisha fanya hivyo kwenye pampu ya dizeli, mwishowe legeza nati za nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye injini, huku stata ikizungusha. Spana ziwe za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya nati.