Amina ya Yeremia

Somo: Yeremia 28:1–11

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Sura hii huwa tunaisoma haraka. Hanania nabii wa uongo, Yeremia nabii wa kweli, basi, tunafunga Biblia. Wiki hii nimekwama kwenye mstari wa sita. Hanania amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, ametangaza kwamba ndani ya miaka miwili nira ya Babeli itavunjwa na vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi pamoja na mateka. Yeremia anajua hayo hayatakuwa. Hata hivyo anaitikia: Amina, Bwana na atende hivyo.

Sidhani alikuwa anakejeli. Naye alivitaka vile vyombo virudi. Naye alikuwa na ndugu waliochukuliwa.

Aliyenirudisha kwenye mstari huo ni Nxele, nabii wa Waxhosa wa Afrika Kusini. Waxhosa walipigana vita tisa na Makaburu, kisha Waingereza, kwenye mpaka wa mashariki wa Koloni la Cape, kuanzia 1779 hadi 1879. Miaka 100 ya kugombania malisho na mifugo. Mwaka 1812 Kanali John Graham aliwafukuza watu wapatao 20,000 kutoka nchi ya Zuurveld na kuwavusha Mto Fish. Mazao yalikuwa bado shambani, yakateketezwa. Gavana akaandikia London kwamba haikumwagika damu zaidi ya ile iliyohitajika kuwatia watu hao hofu na heshima. Kambi ya kanali ikawa mji, ukapewa jina lake: Grahamstown.

Kati ya watu hao walitokea manabii wawili. Nxele, aliyeitwa pia Makhanda, alikulia jirani na mashamba ya Makaburu, akaisikia Injili, na mwanzoni alikuwa akikemea uchawi, uzinzi na umwagaji damu. Wa pili ni Ntsikana. Naye alikuwa amewasikia wamisionari. Inasimuliwa kwamba asubuhi moja akiwa zizini aliona mwanga umempiga ubavuni maksai wake mpendwa, Hulushe. Akamuuliza kijana aliyekuwa karibu kama ameuona. Hakuuona. Siku hiyohiyo walikwenda ngomani, na kila Ntsikana alipoinuka kucheza, upepo ulivuma. Akawachukua watu wake wakarudi nyumbani. Njiani aliingia mtoni, akaosha udongo mwekundu uliopakwa mwilini mwake.

Nxele alikuwa upande wa chifu Ndlambe. Ntsikana alikuwa karibu na Ngqika, mtoto wa ndugu yake Ndlambe na mpinzani wake mkubwa. Mwaka 1818 machifu hao walipigana mahali paitwapo Amalinde. Ntsikana alikuwa amemwonya Ngqika asiende. Akaenda, akapigwa, akakimbilia kwa Waingereza, nao wakaja wakaswaga ng'ombe wa upande wa Ndlambe wapatao 23,000. Maziwa ya watoto na mahari ya vijana vyote vilivuka mto na hao ng'ombe.

Hapo ndipo Nxele alipoahidi kuwa risasi zitageuka maji. (Msomaji wa Tanzania ameshamkumbuka Kinjikitile; hii ilikuwa miaka 86 kabla ya Maji Maji.) Tarehe 22 Aprili 1819, mchana kweupe, aliongoza maelfu ya wapiganaji kuivamia Grahamstown. Risasi zilibaki risasi. Mahali pale hadi leo panaitwa Egazini, penye damu.

Nyuma ya jeshi walikuja wanawake na watoto, wamebeba mikeka na vyungu. Hawakuja kutazama vita. Walikuja kuhamia. Miaka saba walikuwa ng'ambo ya mto, na siku ile walifunga mizigo wakijua kwamba jioni watatandika mikeka kwao. Ningekuwa pale na chungu kichwani, kijana wangu yuko mstari wa mbele, ningeitikia amina. Na wewe ungeitikia.

Wahubiri wengi hupenda kumalizia hapa: mmoja alichagua vita akaangamia, mwingine alichagua amani akabarikiwa. Yaliyotokea hayaturuhusu. Vita ilipoisha, Gavana Somerset alitwaa nchi iliyo kati ya Mto Fish na Keiskamma, na aliitwaa mikononi mwa Ngqika, rafiki yake aliyekuja kumsaidia. Ntsikana alifariki 1821, akiwa ameshayaona hayo. Nxele naye, yule wa vita, alijisalimisha mwenyewe Agosti 1819 ili watu wake wapate amani. Akafungwa Robben Island, akazama baharini akijaribu kutoroka. Watu wake walimngoja. Vitu vyake vilitunzwa zaidi ya miaka 50 kabla ya kuzikwa, na kwa Kixhosa jambo linalongojewa bila kufika huitwa kuja kwa Nxele.

Ntsikana hakujua kusoma wala kuandika. Wimbo wake mkuu ulikaa vinywani mwa wafuasi wake mpaka wengine wakauandika. Ndani yake anamwita Mungu ngao ya kweli, ngome ya kweli, na msitu wa kweli. Ngao na ngome nimezizoea katika Zaburi. Msitu umenishika. Wapanda farasi wenye bunduki wakija, Mxhosa hana ngome ya mawe ya kukimbilia. Anazama msituni, farasi wasikopita. Habari za Mwana wa Mungu alizipokea kwa wageni, lakini msitu huo ni wa kwao. Mtu anayeomba hivyo hajasahau kilichowapata watu wake mwaka 1812.

Rudini kwenye mstari wa 10 na wa 11. Hanania anaivua shingoni mwa Yeremia ile nira ya mti aliyoivaa kama ishara ya utawala wa Babeli, anaivunja mbele ya watu, na watu wanaona kama tayari wamewekwa huru. Kisha yanakuja maneno machache sana: Yeremia akaenda zake. Neno la nira za chuma lilikuja baadaye. Pale hekaluni hakuwa na jibu, au hakutaka kuwajibu watu waliokuwa wakishangilia. Nimejaribu kumwona akishuka ngazi za hekalu, shingo tupu, na sauti za shangwe nyuma yake.

Wiki ijayo tutasoma sura ya 29, barua aliyowaandikia waliohamishwa. Itafaa kuisoma nyumbani kwanza, mstari wa 1 hadi wa 14, polepole.