Kutoka Malindi hadi Mkunazini, na Yohana mkononi

Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili kufika bandari ya Malindi, mjini Zanzibar. Muda huo unatosha kusoma Waraka wa Kwanza wa Yohana mara mbili: sura tano tu, dakika ishirini bila pupa. Anayechafukwa na bahari amalize kabla boti haijaingia mkondoni. Mara ya pili nilipigia mstari kila penye neno "kujua", na ni pengi. Kwenye 5:13 Yohana anasema amewaandikia waaminio ili wajue kuwa wanao uzima wa milele. Wengi wetu huusoma kana kwamba ameandika "wabahatishe".

Kutoka bandarini hadi Mkunazini ni mwendo wa kama robo saa kwa miguu, kwa njia ya Darajani. Funika mabega na magoti, mwanamume naye aache kaptura.

Kanisa Kuu la Kristo limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882 na kuzikwa nyuma ya altare. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu: hapo ndipo panaposemekana ulisimama mti wa kuchapia watumwa. Mtu anayepiga magoti kupokea meza ya Bwana yuko hatua chache tu kutoka hapo. Pembeni kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, kijiji cha Zambia alikofia mmisionari David Livingstone, ule uliozikiwa chini yake moyo wake. Usiondoke bila kuangalia nguzo za karibu na kisima cha ubatizo. Mafundi walizisimamisha kichwa chini Steere akiwa hayupo, na hivyo ndivyo zilivyo hadi leo, zimebeba.

Steere alikuwa pia mtu wa lugha. Kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilitoka 1870. Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka 1891, na tafsiri ya Union Version ya 1952 ikaunganisha Kiunguja na Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Ndiyo maana Waebrania 11:1 inaposema imani ni kuwa na "hakika", neno ni lile lile analoapia muuza samaki wa Darajani. Imani, hakika, hekima: yote matatu yana asili ya Kiarabu na yalikuwa vinywani mwa Waunguja kabla ya kanisa kuwapo. Msomaji anayedhani hakika ni kusisimka moyoni ataipoteza Jumatatu asubuhi, msisimko ukishapoa. Kinachomsaidia ni kurudi kwenye kilichoandikwa na kuuliza: Yohana ametaja alama gani? Kumwamini Mwana, kushika amri, kumpenda ndugu.

Mbweni, nje kidogo ya mji, nilipita haraka, kwa daladala. Kanisa la Mtakatifu Yohana ni dogo, lilijengwa kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, na kimya chake kinafaa kwa Yakobo 1:5, aliyepungukiwa na hekima aombe. Ukiomba, fungua na Mithali: kina sura 31, soma moja kwa kila tarehe ya mwezi. Siku hiyo ilikuwa tarehe 14, na mstari wa 15 wa sura ya 14 unasema mjinga huamini kila neno, mwenye busara huangalia aendavyo. Ngazi ya boti ya kurudi ilikuwa imelowa chapachapa.