Venye tulikata mashine yangu ya kufua na msumeno

Kelele ilianza polepole. Mwanzo ni ka-mngurumo tu wakati wa kukamua, nikasema ni sakafu haijanyooka, nikaweka kipande cha kartoni chini ya mguu mmoja maisha yakaendelea. Wiki tatu baadaye ikawa ni kama mtu anakokota mabati kwa lami, mpaka jirani wa chini (tunakaa ghorofa ya nne hapa Umoja) akapanda kuniuliza, "Mama Junior, kwani huko juu mmefungua posho mill?"

Mashine ilikuwa na miaka minne na miezi kidogo, waranti ilikuwa ya miwili. Nililipa 62,000, pesa ya chama raundi yangu ilipofika, kwa hivyo msiniambie ati ningenunua tu ingine.

Kilichoniuma zaidi ni hii: mashine yenyewe ina waifai, ina apu, na ikimaliza kufua inaimba, tena wimbo mrefu mpaka watoto wameushika. Miaka yote hiyo inaniletea meseji kwa simu, nguo ziko tayari, kuna programu mpya ya kufua nguo za michezo, sasisha, kubali masharti. Lakini kuhusu kile kitu kilikuwa kinaoza ndani ya tumbo lake, kimya kabisa.

Na hiyo maneno ya kuiwasha ukiwa mbali nilijaribu mara moja nikiwa kazini tao. Ili ikubali, lazima asubuhi uweke nguo, utie sabuni, ufunge mlango, halafu ubonyeze kitufe cha kuruhusu simu, sasa mtu amefanya hayo yote si abonyeze tu ianze? Basi saa sita mchana nikawasha, kumbe mgao wa maji haukuwa umefika na tangi la juu limekauka, nikaletewa alama ya kosa ati maji hayaingii, na hata ningejua ningefanya nini nikiwa huko. Baadaye tukabadilisha mtandao wa nyumba, mashine ikakataa kuunganika kwa sababu inaelewa mawimbi ya 2.4 GHz pekee na ruta mpya walikuwa wameiweka kwa 5. Nikaachana nayo, na hakuna mtu kwa hii nyumba aliona tofauti yoyote.

Sasa hiyo kelele. Nikapigia wale waliniuzia wakatuma kijana na tableti, akazungusha dramu kwa mkono, akasikiliza, akasema ni beringi, zile ringi za gololi dramu huzungukia. Nikafurahi, beringi si kitu, hata za pikipiki hubadilishwa kando ya barabara ukikunywa soda. Akasema hapana madam, hizi haziuzwi pekee yake, ziko ndani ya beseni la plastiki linaloshika dramu, na beseni limeunganishwa kwa moto huko kiwandani, halina bolti, kwa hivyo unanunua beseni zima na dramu yake, 31,000, na unangoja karibu wiki sita. Ama uongeze kidogo uchukue mpya, kuna ofa.

Usiku huo nikaingia kusoma badala ya kulala. Nikakuta Umoja wa Ulaya wana sheria tangu Machi 2021, anayetengeneza ama kuingiza mashine za kufua kule lazima awe na spea kwa miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, friji nayo ni miaka 7. Nikasema hawa wametuacha mbali. Halafu nikashuka kwa orodha ya spea zenyewe, beringi za dramu zimetajwa, na pembeni imeandikwa zinaweza kutolewa kando ama zikiwa zimefungwa pamoja na dramu. Wueh. Yaani hata huko Ujerumani mtu anaweza kuuziwa dramu nzima kwa sababu ya kitu cha shilingi mia tano.

Fundi nilipewa na mamangu. Ndiye hushughulikia friji yake kule Buruburu, ile alinunua 1989 na mpaka leo imebadilishwa tu thermostati mara moja na raba ya mlango mara mbili. (Tusidanganyane lakini, hiyo friji inakula tokeni vibaya sana na usiku inanguruma kama trekta, sio kila cha zamani ni dhahabu. Ila inafunguka na bisibisi.)

Nikamweleza fundi venye nimeambiwa haifunguki. Akagonga beseni na kidole akaniambia, "Madam, hii ni plastiki, si sefu ya benki."

Jumamosi akakuja. Tulitoa ile simiti nzito ya mbele na ya juu inayozuia mashine kurukaruka, mota, mabomba, springi, kila kitu nikikipiga picha kwanza. Beseni likalala kwa mkeka sebuleni. Nilidhani ataanza kukata moja kwa moja, lakini alichukua drili kwanza akatoboa matundu madogo kwa ule mdomo wa plastiki, kuzunguka beseni lote, 24 nilihesabu, ndio vipande vikirudi vikutane palepale na bolti zipite. Hapo ndio akashika msumeno wa chuma akafuata mstari wa kuungia, pole pole, blade mbili ziliisha, mimi nashika beseni lisizunguke na unga wa plastiki umejaa kwa nywele. Ilichukua karibu saa moja na nusu. Lilipoachana tulikuta ndani waya wa sidiria, sarafu ya bob ishirini, na ule uchafu mweusi kama grisi ambao kumbe ndio ulikuwa ukiacha alama kwa shati za shule.

Beringi zilitolewa kwa nyundo na kipande cha chuma. Moja ilikuwa imeshika kutu mpaka gololi zake hazizunguki. Fundi akanionyesha sili, ile raba inazuia maji yasifike kwa beringi, mdomo umelika. Maji yakipita hapo yanaosha grisi, beringi inakauka, inashika kutu, basi. Akaniuliza kama huwa nafua blanketi. Nikanyamaza. Nilikuwa nashindilia mbili kwa mara moja, mashine ya kilo saba.

Zilikuwa zimeandikwa namba, 6205 na 6206. Nikapanda matatu mpaka Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nikaingia duka la beringi. Jamaa hakuniuliza ni ya mashine gani wala modeli gani, alisoma namba akageuka kwa rafu, 450 na 550. Ni saizi ya kawaida kabisa, hata kwa pampu na mota za viwandani utazipata. Sili ndio ilinitembeza, nimeingia maduka manne Luthuli nikibeba ile kuukuu kwa mfuko wa karatasi, mwisho nikapata kwa 700.

Kufunga ilikuwa rahisi kuliko kukata. Silikoni mdomo mzima, bolti 24 na nati zake, ikakaa usiku mzima ikauke. Ukijumlisha na kazi yake 4,500 na vitu vya hadwea 850 nilitumia 7,050.

Ni mwezi wa kumi na nne sasa. Blanketi nafua moja moja, waifai imezimwa, wimbo nimeshindwa kuuzima. Kuna bolti moja ya nyuma hutoa tone tone ikikamua mara ya mwisho, nimeweka kitambaa hapo chini, na fundi amesema akipitia huku Jumamosi ataangalia.