Siku moja maishani mwangu: ripoti ya dakika 25

Saa 2 asubuhi. Mama mhasibu amenitangulia ofisini. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hebu njoo ujionee." Alibonyeza kitufe cha taarifa za wanachama dakika ishirini zilizopita na duara bado linazunguka. Mkutano mkuu wa chama chetu cha akiba na mikopo ni Jumamosi. Akikosea tarehe moja tu, anaanza upya, na wiki hii amerudi nyumbani usiku siku tatu mfululizo. Hilo linaniuma kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Saa 3. Nafungua kumbukumbu za PostgreSQL, programu ya hifadhidata inayotunza taarifa zetu, na kuziangalia zikitiririka. Ripoti tuliyoirithi imejengwa kwa JasperReports, programu ya kutengeneza ripoti: ripoti kubwa inaorodhesha wanachama 3,200, na chini ya kila jina zimo ripoti ndogo tatu, za hisa, akiba na marejesho ya mkopo. Kila ripoti ndogo inatuma ulizo lake, yaani ombi la taarifa, kwenye hifadhidata, kwa kila mwanachama. Maulizo 9,600! Ni sawa na kumtuma mtoto dukani akalete chumvi, akirudi umtume kiberiti, akirudi umtume majani ya chai, kisha uhamie nyumba ya jirani uanze tena.

Nachukua ulizo moja na kulipima kwa EXPLAIN ANALYZE, amri inayoonyesha ulizo linavyotekelezwa na muda linaochukua. Milisekunde 150. Linasoma jedwali zima la miamala, mistari milioni 1.4, kumtafuta mtu mmoja. Safu ya namba ya mwanachama ni ufunguo wa kigeni, yaani inarejelea jedwali la wanachama, lakini haina faharasa, ile orodha ya kuifikia mistari haraka bila kusoma jedwali zima. Wengi hudhani PostgreSQL huiweka yenyewe, na haiweki. Nazidisha: sekunde 1,440, yaani dakika 24. Mwizi nimemwona.

Saa 4 na nusu. Kwenye seva ya majaribio naweka faharasa moja ya namba ya mwanachama pamoja na tarehe. Sharti la ulizo nalo lilikuwa linachomoa mwaka ndani ya tarehe kwa fomula, na safu ikifungwa ndani ya fomula, faharasa ya kawaida haisaidii. Nalibadili: kuanzia tarehe 1 Januari, kabla ya tarehe 1 Januari ya mwaka unaofuata. Ripoti inatoka kwa sekunde 50.

Ningeweza kuishia hapo, ila safari 9,600 bado zipo, na wanachama wanaongezeka.

Saa 6. Naziondoa ripoti ndogo. Ulizo moja linaleta miamala yote, limepangwa kwa mwanachama kisha kwa aina, na vichwa na jumla navikabidhi kwa makundi ya ripoti yenyewe. Naunga na jedwali la wadhamini humo humo. Sekunde 9. Naenda kula wali maharage nikiwa na furaha kabisa.

Saa 8 mchana. Mama mhasibu anaweka rula juu ya karatasi na kushuka mstari kwa mstari. Kalamu inasimama. "Huyu akiba yake ni 450,000. Mbona hapa 1,350,000?" Moyo unashtuka. Mwanachama huyo ana wadhamini watatu; kila muamala wake umerudiwa mara tatu, mara moja kwa kila mdhamini. Ingefika mkutanoni hivyo, nani angetuamini tena?

Nawatoa wadhamini kwenye ulizo kuu na kuwarudishia ripoti yao ndogo, yenye sharti la kuchapwa kwa mwenye mkopo hai pekee. Wenye mkopo huo wako 410. Hapo ripoti ndogo inafaa, sina ugomvi nayo.

Saa 10. Sekunde 12. Tunalinganisha jumla kuu za ripoti ya zamani na mpya: hisa, akiba, marejesho, zote zinakubaliana hadi shilingi ya mwisho. Naihamishia seva ya ofisi, faharasa kwanza.

Saa 11 kasoro robo. Printa inatema kurasa. Mama mhasibu anafunga droo, anachukua mkoba. "Leo nitapika mwenyewe," anasema, na nje bado kuna jua.