Faili lisilo na jina

Kabla ya kazi ya stoo niliyo nayo sasa, nilikuwa nauza nyimbo za watu. Kibanda changu kilikuwa karibu na soko la Kilombero, hapa Arusha: kompyuta moja ya mezani, spika mbili zinazokwaruza, na flashi za kila rangi. Mteja anakuja na memori kadi, anasema, "Nijazie bongo fleva mpya, na injili kidogo mama asinune." Ananipa elfu moja, anaondoka na nyimbo mia. Msanii haambulii hata thumni. Leo nalisema hilo kwa aibu, lakini wakati ule halikunipitia kichwani kabisa. Mtaa mzima tulikuwa tunakula hapo hapo.

Kazi ile iliniharibu masikio. Wimbo mzuri kwangu ulikuwa ule uliotajwa na wateja kumi kabla ya saa sita mchana. Usiotajwa niliufuta, maana kompyuta ilikuwa inajaa.

Mwaka 2013 akaja chalii mmoja mwembamba, gitaa mgongoni ndani ya mfuko aliouunga kwa turubai. Hakutaka nyimbo, alileta. "Kaka, humu kuna wimbo wangu. Nimeuandika mwenyewe, gitaa napiga mwenyewe. Wawekee tu watu, sitaki hela." Akaniachia flashi. Nikauingiza kwenye kadi za wateja watatu au wanne, mwisho kabisa, baada ya wimbo wa mia, pale ambapo hakuna anayefika. Baada ya wiki mbili akapita. "Vipi, wanaupenda?" Nikamwambia wanaupenda sana. Akacheka kwa aibu, akaenda zake, na flashi hakuidai.

Kibanda kilikufa taratibu. Watu walipata simu za maana na bando, wakaanza kujitafutia. Nami nikaanza kujitafutia, kwanza YouTube na Boomplay, halafu Spotify ilipofunguliwa Tanzania mwaka 2021. Haikuchukua siku nyingi nikamwona mtu ninayemfahamu mle ndani: ni mimi. Programu hizi zina tabia ile ile ya kibandani. Kinachotajwa na wengi ndicho kinachosukumwa mbele, na aliyeimba peke yake chumbani anakaa baada ya wimbo wa mia.

Ikabidi nitafute mlango wa uani.

Ninaoupenda kuliko yote niliupata kwa bahati. Redio ya umma ya Marekani, NPR, tangu 2008 inawaalika wanamuziki wapige nyuma ya dawati la ofisini kwao, na kipindi kinaitwa Tiny Desk. Baadaye wakaanzisha shindano la wasanii wa huko kwao wasio na mkataba na lebo: unajirekodi video ukipiga wimbo uliotunga mwenyewe, na dawati lazima lionekane. Mwaka 2016 alishinda Gaelynn Lea, mwanamke wa Duluth, Minnesota, aliyezaliwa na ugonjwa wa mifupa kuvunjika. Fidla yake haiweki begani. Anaisimamisha mbele yake. Nilimsikia usiku wa kukatika umeme, simu imebaki asilimia tisa, nikaikodolea macho mpaka ikazima.

Sasa sikia. Anashinda mmoja, lakini kila mwaka maelfu wanatuma, na video zao nyingi zinabaki YouTube. Mimi nawinda walioshindwa. Naandika jina la shindano na mwaka, nashuka chini, chini kabisa, huko ambako video ina watazamaji sitini. Nimekuta mtu anaimbia gereji, dawati lake ni ubao juu ya matairi mawili. Nimekuta mama aliyetumia meza ya kupigia pasi. Wengi ni wa kawaida, tusidanganyane, na baadhi wanastahili kubaki huko walipo. Ila katika kumi anatokea mmoja anayekufanya uweke chini kikombe. Mwenzangu wa stoo ananicheka: "Wimbo una watu sitini, na hamsini ni shangazi zake." Sawa. Mimi ni wa sitini na moja.

Nikimpata, namfuata Bandcamp. Pale msanii anaweka kazi yake mwenyewe na kupanga bei mwenyewe, na wengine wanakuachia utoe ulichonacho. Kwa nyimbo za kupakua mtandao unachukua asilimia 15, na tangu Machi 2020 kuna Ijumaa kadhaa ambazo wanaiachilia hata hiyo. Ijumaa hiyo inahesabiwa kwa saa za California, kwa hiyo kwetu inaanza saa nne au saa tano asubuhi, wakati nahesabu magunia. Mara ya kwanza kununua, kadi yangu ilikataliwa mara tatu kwa albamu ya dola tano. Ya nne ikapita. Nilitetemeka kama mtu anayelipa deni, na kweli lilikuwa deni, ingawa nililipa mtu tofauti.

Maana dola tano si mchezo kwa hawa. Spotify, tangu 2024, wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 haupati mrabaha kabisa. Mara elfu moja! Kibandani kwangu wimbo ukitajwa mara hamsini ulikuwa mfalme wa Kilombero.

Zamani tatizo lilikuwa kutoka. X Plastaz, watu wa hapa hapa Arusha, albamu yao ya Maasai Hip Hop ya mwaka 2004 ilitolewa na lebo ya Ujerumani. Sasa chalii wa Ngaramtoni anapandisha wimbo akiwa kitandani. Kutoka anatoka. Kuonekana ndiyo kazi.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta chaja kwenye kopo la biskuti nikaikuta ile flashi, haina kifuniko. Ndani faili moja: "mpya final 2". Jina la mwimbaji halipo. Nikaichomeka nikiwa nimesimama, nikaishia kukaa. Sauti imerekodiwa chumbani, gitaa limelegea uzi mmoja, na dakika ya pili mbwa wa jirani anabweka mara tatu, naye haachi kuimba. Nimeandika maneno ya kiitikio YouTube, Boomplay, Audiomack. Hakuna kitu.

Chalii wa mfuko wa turubai, kama uko mjini, flashi yako ninayo. Niliposema wanaupenda nilikudanganya, hata mimi nilikuwa sijausikiliza. Jana nimeusikiliza mara nane. Ukija kuupandisha, huyo mbwa usimtoe.