Siku yangu maabara, Mombasa: kuisaka seli moja ndani ya damu

Saa kumi na mbili na nusu niko kwenye matatu, daraja la Nyali. Saa mbili friji nishazipima joto, meza nishazifuta, rangi nishazichanganya.

Watu wakisikia maabara hufikiria malaria na choo. Mimi natafuta seli za saratani zilizobanduka kwenye ukuta wa ndani wa mji wa mimba zikaingia katika damu. Ni utafiti. Ugonjwa wenyewe bado huthibitishwa kwa kukata kinyama na kukipima.

Damu ya leo, ya mama mmoja, ilitoka ng'ambo ya Likoni, ifike saa tatu. Saa tatu kimya. Nampigia wa boda: "Niko feri hapa." Saa nne: "Niko feri." Damu hata ikiwa kwenye EDTA, dawa ya kuizuia isigande, haingoji, seli hizi huharibika upesi, na ikiganda mama atadungwa tena. Ilifika saa tano na robo. Niliigeuza polepole, nikatazama mabonge. Hakuna. Alhamdulillahi.

Kwenye mililita moja mna seli nyekundu kama bilioni tano na nyeupe mamilioni. Ninayoitaka huenda ni moja, na mara nyingi hakuna. Naizungusha damu kwenye mashine, natoa nyekundu, kisha chembe za sumaku zenye kingamwili hunasa seli zenye EpCAM, protini iliyo juu ya seli nyingi za saratani kama hii. Iliyoipoteza protini hiyo hupita, kwa hiyo sifuri haimaanishi mgonjwa amepona.

Halafu hadubini, chumba cha giza, na hapo saa hupotea. Kiini kiwe cha buluu, keratini, protini ya seli za kuta za viungo, ing'ae kijani, nyekundu ya CD45 isiwepo, maana hiyo ni ya seli nyeupe. Shingo inakaza, macho yanatoka machozi. Moja ikanisimamisha: kijani kipo, lakini pembeni kuna wekundu hafifu.

"Dada, hiyo ni nyeupe," mwenzangu akasema.

"Tazama kiini, kaka. Kikubwa hivyo?"

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri. Wekundu ulikuwepo, hatukuihesabu. Thomas Ashworth alizieleza seli hizi mwaka 1869 kule Australia bila rangi hizi zote, nami namheshimu kwa hilo.

Jioni, slaidi ya mwisho, ikatokea moja safi kabisa. Nilimwita mwenzangu aione.

Nikiwa nafunga, mama mwenyewe akapiga simu.

"Mwanangu, damu yangu imesema nini?"

"Shikamoo mama. Haya ya utafiti hayaamui matibabu yako. Majibu yako atakupa daktari, ya kile kinyama."

"Marahaba. Miaka mingi baada ya kukoma hedhi nilitokwa na damu, nikanyamaza."

"Umefanya vyema kuja, mama. Kliniki Alhamisi usikose."

"Sitakosa."